Bosi Kajibu la Mshindani, la Bei Nani Ajibu?

Machi 2024, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Jensen Huang, bosi wa Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu za akili unde, aliulizwa kuhusu kampuni nyingine zinazotengeneza chipu na kuziuza kwa bei ya chini kuliko zake. Jibu lake lilizunguka dunia: hata wakizigawa bure, bado hazitakuwa na unafuu wa kutosha. Wala hakuwa anatania. Hoja yake ni kwamba anayejenga kituo cha data hanunui chipu peke yake. Anajenga jengo, anavuta umeme, anaweka mitambo ya kupoza, analipa wahandisi, na juu ya yote hayo anahitaji programu ambazo watu wake wameshazizoea. Chipu ya bure ikifanya kazi polepole, hayo mengine yote yanakula hela huku yakisubiri.

Huyu huyu Huang ana msemo mwingine, nao wafanyakazi wake wanaujua kwa moyo: kampuni yetu imebakiza siku 30 ifilisike. Huo ulizaliwa miaka ya 1990. Nvidia ilianzishwa mwaka 1993, chipu yake ya kwanza haikushika soko, mkataba na Sega, kampuni ya michezo ya video ya Japani, ukaenda mrama, na kampuni ikapunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Sega waliwalipa dola milioni 5 hata hivyo, na fedha hizo ndizo zilizowavusha hadi chipu ya RIVA 128 ilipotoka mwaka 1997 na kuuzika. Tangu hapo bosi anawakumbusha watu wake kwamba kaburi liko jirani.

Sasa niambie, mwekezaji ashike lipi? Washindani hawatuwezi hata wakigawa bure, au tumebakiza mwezi mmoja?

Swali hilo lilitutoa jasho Jumamosi moja hapa Dodoma, kwenye hoteli ndogo ya Area C ambako kikundi chetu hukutana kila mwezi. Sisi ni watumishi, wastaafu na wafanyabiashara wadogo. Tunachanga, Mhazini anapeleka. Fedha zetu ziko kwenye hisa za benki katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, vipande vya mifuko ya pamoja ya UTT na hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani mkopo tuliouikopesha serikali. Hisa ya Nvidia hatuna hata moja. Lakini mtu hakatazwi kujadili ligi ya Uingereza kwa kuwa hachezi Arsenal, na kusema kweli, mwaka huo na uliofuata kikao hakikuwahi kuisha bila jina la Nvidia kutajwa.

Aliyelileta ni Dogo. Amemaliza kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), anafanya kazi Mtumba kwenye Mji wa Serikali, na ndiye mdogo kuliko wote kikundini. Alikuwa ameiangalia video nzima ya Stanford kwenye simu na akaja na pendekezo kabisa: sehemu ya akiba yetu iende kwenye programu fulani ya simu inayouza vipande vya hisa za Marekani. "Wazee wangu," alisema, "bosi mwenyewe anasema hata wakigawa bure. Mnataka ushahidi gani mwingine?"

Mzee wetu, mhasibu mstaafu aliyetumia nusu ya maisha yake kukagua vitabu vya halmashauri, alimaliza kwanza chai yake. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hiyo kauli mimi naipa hati yenye mashaka. Si kwamba ni ya uongo. Haijakamilika viambatisho."

Tukacheka, lakini alikuwa na hoja, na ndiyo nimekuwa nikiitafuna tangu siku ile.

Ukitazama vizuri, Huang ana vinywa vitatu na kila kimoja kina msikilizaji wake. Ile ya kugawa bure ilikuwa inaelekea kwa mteja: usidanganywe na bei ya chipu, piga hesabu ya kituo kizima. Ile ya siku 30 ni ya mfanyakazi: usilale. Mei 2025, akiwa Taipei, akatoa ya tatu, kwamba sehemu ya Nvidia katika soko la China imeshuka kutoka asilimia 95 hadi 50 katika miaka kama minne, na kwamba vikwazo vya Marekani vya kuuza chipu huko vimeshindwa. Hiyo ilikuwa ya serikali ya Washington. Mshindani ni dhaifu, mshindani yuko mlangoni, mshindani ameshachukua nusu ya soko: zote zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu kila moja inajibu swali tofauti. Hakuna hata moja inayomwambia mwanahisa kama bei anayolipa leo ni bei ya haki. Na hilo si kosa la Huang. Kazi yake ni kuuza chipu. Bei ya hisa tunapangiana wenyewe kwa wenyewe huko sokoni.

Kuna jambo jingine kuhusu kauli za namna hii. Mshindani anayetajwa jukwaani mara nyingi siye anayekuja kukupiga. Huenda waliomuuliza Huang walikuwa wakifikiria AMD, kampuni nyingine ya chipu ya Marekani, ambao walikuwa wametoa chipu yao ya MI300 Desemba 2023, au Google na Amazon wanaojitengenezea za kwao. Pigo lililokuja tarehe 27 Januari 2025 halikutoka kwa yeyote kati ya hao. Kampuni ya China iitwayo DeepSeek ilikuwa imetoa mfumo wa akili unde uliosemekana kufunzwa kwa gharama ndogo sana, na siku hiyo moja thamani ya Nvidia sokoni ikapungua kwa karibu dola bilioni 600, asilimia 17 ya kampuni nzima. Haijawahi kutokea kampuni ya Marekani kupoteza kiasi hicho kwa siku moja. DeepSeek haiuzi chipu. Ilichofanya ni kuwatia watu wasiwasi kwamba huenda chipu nyingi kiasi kile hazihitajiki. Tatizo ambalo soko liliogopa siku ile halikuwa muuzaji mwenzako kushusha bei. Ni mteja kugundua kwamba anaweza kupika chungu kile kile kwa kuni kidogo.

Dogo ana majibu kwa hilo, na nitakuwa sijamtendea haki nisipoyaandika. Julai 2025 Nvidia ikawa kampuni ya kwanza duniani kufikia thamani ya dola trilioni 4, na Oktoba mwaka huo huo ikavuka trilioni 5. Aliyekimbia siku ya DeepSeek alikimbia bure. Kila kikao Dogo anatusomea takwimu mpya, kisha anamtazama Mzee. Hadi leo hii, kwa matokeo, Dogo anaongoza.

Mzee naye hajibu kwa takwimu za Nvidia. Anajibu kwa kampuni ambayo Dogo alikuwa hajawahi hata kuisikia, ingawa lugha ya Java aliyofundishiwa chuoni ilitoka huko.

Sun Microsystems ilianzishwa California mwaka 1982 na vijana wanne, akiwemo Scott McNealy, aliyekuwa mkurugenzi mkuu kuanzia 1984 hadi 2006. Walitengeneza kompyuta kubwa, hizo seva, kwa chipu zao wenyewe za SPARC na mfumo wao wenyewe wa Solaris. Intaneti ilipolipuka mwishoni mwa miaka ya 1990, kila kampuni mpya ya mtandaoni ilitaka seva za Sun. Nao wakajitangaza kwamba wao ndio ile nukta katika "dot-com". Mauzo yalitoka karibu dola bilioni 12 mwaka wa fedha 1999, yakavuka 15 mwaka 2000, yakapita 18 mwaka 2001. Hisa moja mwaka 2000 ilifika dola 64. McNealy naye alikuwa bingwa wa kuwananga washindani, hasa Microsoft, na wawekezaji walikuwa wakifurahia maneno yake kama watu wanavyofurahia mtani msibani.

Kisha zile kampuni za mtandaoni zikaanza kufa. Na hapa ndipo napenda sana kisa hiki, kwa sababu mshindani wa kwanza wa Sun alikuwa Sun mwenyewe. Kampuni zilizokufa ziliacha seva ambazo bado ni mpya, na seva hizo zikaanza kuuzwa kwa bei ya kutupa kwenye eBay, soko la mtandaoni. Nani anunue mpya dukani wakati ile ile, iliyotumika miezi michache, inapatikana kwa sehemu ndogo ya bei? Nyuma yake wakaja Linux, mfumo wa bure, kwenye mashine za kawaida zenye chipu za Intel, zinazouzwa na watu kama Dell. Mwaka wa fedha 2002 mauzo ya Sun yaliporomoka hadi dola bilioni 12.5 na kampuni ikapata hasara. Hisa ya dola 64 ikawa chini ya 10, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka hata chini ya 4.

Ni mwaka huo wa 2002 ambapo McNealy, akihojiwa na jarida la BusinessWeek, alisema maneno ambayo sijawahi kusikia bosi mwingine akiwaambia wanahisa wake. Kwa ufupi aliwaambia hivi. Mlipoinunua hisa yangu kwa dola 64, mlikuwa mnalipa mara kumi ya mauzo yetu ya mwaka. Ili niwarudishie fedha yenu ndani ya miaka kumi, ilinipasa niwape mauzo yote, asilimia 100, kama gawio, yaani fedha wanayogawiwa wanahisa, kila mwaka, kwa miaka kumi mfululizo. Maana yake nisinunue malighafi hata moja, jambo gumu kwa mtengeneza kompyuta. Nisiwalipe wafanyakazi 39,000. Nisilipe kodi, na ninyi msilipe kodi ya gawio. Nisitumie hata senti kwenye utafiti, na bado mauzo yabaki pale pale miaka kumi. Akamaliza kwa kuwauliza walikuwa wakiwaza nini.

Mama mmoja kikundini ana shamba la zabibu Hombolo, tunamtania kwa jina la Mama Zabibu. Mzee alipomaliza kusimulia, yeye ndiye aliyelishika jambo lile kabla yetu sote. Aliomba kalamu ya Mhazini. "Ngojeni," akasema. "Mtu anataka nimuuzie ekari yangu. Anajua mauzo yangu ya mwaka, misimu yote miwili. Ananilipa mara kumi ya hayo mauzo. Si faida, mauzo. Halafu anakaa kivulini anasema miaka kumi hela yake itarudi." Akaanza kuandika chini, kimoja kimoja: samadi, vibarua wa kupogolea, dawa ya ukungu, dizeli ya pampu, nguzo na waya unaolegea, ndege, mwaka ambao mnunuzi wa kiwandani anachelewa na zabibu zinaozea shambani. Kila kitu alichoandika alikitoa kwenye yale mauzo. Akafika mwisho, akatazama karatasi, akasema, "Huyo mtu aje hata kesho. Namuuzia shamba na jembe na mbwa wa kulinda."

Hakuna aliyemuuliza kuhusu mshindani wake, mkulima wa jirani. Zabibu za Mama zinaweza kuwa tamu kuliko zote Hombolo, na mnunuzi yule bado atakuwa ameliwa.

Dogo hakukubali kirahisi, na vizuri hakukubali, maana hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwa ya kweli. Akasema Sun na Nvidia hazilinganishwi kwa mauzo. Katika mwaka wa fedha wa 2000 Sun ilibakiza faida ya kama senti 12 katika kila dola iliyouza. Nvidia, mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025, iliuza dola bilioni 130.5 na kubakiza faida ya bilioni 72.9, yaani senti 56 katika kila dola. Kiwanda haina, chipu zinatengenezwa na TSMC kule Taiwan. "Mama, hilo ni shamba lisilohitaji jembe," akasema.

Tukapiga. Thamani ya dola trilioni 5 ni mara 38 ya mauzo ya mwaka ule, na ni takriban mara 69 ya faida yake. Sun kwa mara kumi ya mauzo, na senti zake 12, ilikuwa inauzwa kwa kama mara 83 ya faida. Sasa hapo hata Mzee alinyamaza kidogo. Tofauti iliyoonekana kubwa kama mlima, ukiihamisha kwenye faida, inakuwa kilima. Mnunuzi wa Nvidia analipa bei pungufu kidogo kuliko mnunuzi wa Sun, kwa kampuni inayokua kwa kasi zaidi: mauzo ya mwaka mmoja kabla yalikuwa dola bilioni 60.9, kwa hiyo yalikuwa yamezidi mara mbili ndani ya miezi 12. Ukuaji huo ukiendelea hata miaka michache tu, ile 69 inapungua haraka. Ukisimama, hesabu ya McNealy inaamka.

Kwa hiyo kila kitu kimebebwa na neno moja, ukuaji. Na ukuaji ndio hasa ambao ushindani huula. Si lazima mshindani akuue. Inatosha akulazimishe kushusha senti 56 ziwe 40, au mteja wako mkubwa ajitengenezee nusu ya chipu anazohitaji, jambo ambalo Google wamekuwa wakilifanya kwa ajili yao wenyewe tangu 2015. Kampuni itabaki kubwa, bosi atabaki mwenye heshima, na aliyenunua juu atakaa miaka mingi akisubiri hela yake irudi.

Maoni yangu ni kwamba Dogo anaweza kuwa sahihi juu ya Nvidia na bado pendekezo lake likawa baya kwetu. Mtu aliyenunua Sun mwaka 1998 hakuwa mjinga. Alipata faida kubwa kwa miaka miwili, na kila mkutano alikuwa na takwimu mpya za kumsomea mzee wa kikundi chake. Mwisho wa Sun ulikuwa hivi: mwaka 2007 walizikusanya hisa, kila nne zikawa moja, na mwaka 2009 Oracle, kampuni ya programu, wakakubali kuinunua kampuni kwa dola 9.50 kwa hisa, jumla dola bilioni 7.4. Ukizirudisha kwenye hisa za zamani, ile ya dola 64 ililipwa kama dola 2 na senti 38. Eneo lao la Menlo Park wakaja kuhamia Facebook, ambao waliligeuza tu bango la Sun la pale mlangoni na kuchora la kwao upande wa pili. Inasemwa jina la Sun waliliacha upande wa nyuma makusudi, ili wafanyakazi walione.

Siku chache baada ya kikao kile nilipita kwenye duka moja la kompyuta za mtumba katikati ya mji, si mbali na Jamatini. Nilikuwa natafuta chaja. Nikakaa, maana maduka haya ndiyo yanayofundisha ushindani kuliko video yoyote. Mashine zimepangwa ukutani, nyingi zimetoka maofisi ya Ulaya na kupitia Dubai, nyingine bado zina alama ya gundi pale ilipobanduliwa stika ya namba ya mali. Akaingia mama na kijana wake anayeanza chuo. Swali la kwanza, kabla hata ya salamu kuisha: "Hii ni core i ngapi?" Muuzaji akawaonyesha laptopu yenye chipu ya AMD, Ryzen, mpya zaidi kwa miaka mitatu na bei ni pungufu. Yule kijana akaigeuza, akatafuta stika ya Intel, hakuiona, akairudisha. Wakaondoka na i5 ya zamani ya Intel. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hiyo Ryzen inanizeesha hapa. Watu wananunua stika."

Nikifikiria, hiyo ni nguvu kubwa sana kwa kampuni kuwa nayo, jina kufika hadi Dodoma na kumshinda aliye bora na nafuu. Kwa macho ya duka lile, Intel haina mshindani. Na Pat Gelsinger, aliyekuwa akiiongoza Intel kuanzia Februari 2021, alizungumza kana kwamba alikuwa amesimama pale pale. Januari 2022 alisema AMD sasa wako kwenye kioo cha nyuma, na kwenye soko la kompyuta za watu binafsi hawatarudi tena kuonekana kwenye kioo cha mbele. Mwezi uliofuata, thamani ya AMD sokoni ikaipita ya Intel kwa mara ya kwanza katika historia.

Yaliyofuata yanajulikana. Agosti 2024 Intel ilitangaza kusitisha gawio na kupunguza maelfu ya wafanyakazi, na hisa yake ikaanguka asilimia 26 kwa siku moja. Novemba ikatolewa kwenye Dow Jones, orodha ya kampuni 30 kubwa za Marekani, nafasi yake wakapewa Nvidia. Desemba Gelsinger akaondoka. Mwaka huo kampuni ilipata hasara ya dola bilioni 18.8, na Agosti 2025 serikali ya Marekani ikachukua karibu asilimia 10 ya hisa zake. Muda wote huo, kwenye duka lile la Dodoma, stika ya Intel haijapoteza hata shilingi. Mteja wa mwisho ni wa mwisho kweli kweli kupata habari.

Nilipoyaeleza haya kikundini, Mwenyekiti akauliza kama basi mabosi wote ni waongo. Hapana. Michael Dell, mwenye kampuni ile ya kompyuta ya Dell, mwaka 1997 aliulizwa angefanya nini na Apple, akasema angeifunga na kuwarudishia wanahisa fedha zao. Siku hizo jibu hilo lilikuwa la busara kabisa. Apple ilikuwa inavuja hela na Microsoft walikuwa wametoka kuwekeza kwake dola milioni 150. Januari 2006 Apple ikawa na thamani kuliko Dell. Mtu hakudanganya. Aliulizwa juu ya kesho akajibu kwa alichokiona leo, kama sisi sote. Hatari ni pale msikilizaji anapochukua jibu hilo na kulifanya sababu ya kulipa bei yoyote ile.

Pendekezo la Dogo lilikataliwa, na sababu iliyolimaliza haikuwa hata McNealy. Mhazini aliuliza kama ile programu ya simu ina leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Dogo akapekua simu muda mrefu. Siku hizi jina la Nvidia linatumiwa na kila tapeli mwenye bando, kwa hiyo hapo hatukuwa na mjadala.

Lakini ile hesabu ilibaki, tukaigeuzia kwetu. Tuna hisa za CRDB. Benki hiyo ilitoa gawio la Sh50 kwa hisa kwa mwaka 2023 na Sh65 kwa mwaka 2024. Tuseme mtu alinunua kwa Sh650. Gawio likibaki Sh65, miaka kumi hela yake imerudi, ndiyo ile miaka kumi ya McNealy, ila hapa kinachogawiwa ni sehemu ya faida baada ya mishahara, kodi na mikopo chechefu, ile isiyolipika, kushatolewa. Mzee akakumbusha kodi ya zuio ya asilimia 5, inabaki Sh61.75, miaka kumi na nusu. Aliyenunua bei ilipokuwa imepanda zaidi, miaka yake ni mingi zaidi, kwa benki ile ile, bosi yule yule, hotuba ile ile. Mama Zabibu alifurahi sana kugundua kwamba wanakikundi wawili wenye hisa zao binafsi za benki hiyo hiyo wana miaka tofauti ya kusubiri, mmoja karibu mara mbili ya mwenzake.

Ukuaji gani basi umo ndani ya bei, na nani anaweza kuula? Benki nyingine kushusha riba ni adui anayetajwa. Asiyetajwa sana ni huyu hapa mkononi, mikopo ya kwenye simu ambayo mtu anachukua saa sita usiku bila kuona kaunta ya benki. Na kuna serikali yenyewe, inayokopa kwa hatifungani ya miaka 20 na kumpa mwenye fedha sababu nzuri ya kutoiacha kwenye akaunti. Sisi wenyewe tunayo hatifungani hiyo, kwa hiyo ukitazama vizuri sisi ni wanahisa wa benki na pia tumo kwenye orodha ya washindani wake. Mwenyekiti alitaka hilo liandikwe kwenye muhtasari.

Mkutano mkuu wa wanahisa hufanyika Arusha mwezi Mei, na kikundi kimeamua kutuma mtu. Amechaguliwa Dogo, kwa kuwa ndiye asiyeogopa kipaza sauti. Ameandika maswali matatu, Mzee amefuta mawili yaliyokuwa yakiuliza kuhusu washindani na kuacha moja linalouliza gawio litalipwa na nini endapo mikopo haitakua mwaka ujao. Nauli kikundi kitalipa. Posho, Mhazini amesema, hakuna.